BMW Série 7 mpya na ile ya zamani: wamesafisha motokari, machimbo yamebaki vile vile



Leo naandika juu ya motokari ya kifahari. Najua wengine mtauliza: huyu mwandishi wetu amepatwa na nini? Watu wanakosa maturubai, unga wa mihogo umepanda bei, yeye anatuletea habari za gari la matajiri wa Ulaya? Vumilieni kidogo. Gari hilo linatuhusu kuliko tunavyofikiri. Vijana wetu wanatumiana video zake kwenye WhatsApp na kubishana usiku mzima lipi ni zuri, la zamani au jipya, na katika ubishi huo swali kubwa kuliko yote limeachwa pembeni.

Gari lenyewe ni BMW Série 7. Wapo wanaosema jipya lina sura mbaya, pua pana kama mlango wa depo. Wapo wanaosema hapana, jipya limelishinda la zamani kwa kila kitu, lina sinema ndani, lina milango inayojifunga yenyewe. Mimi nasema pande zote mbili zinapima kwa mizani ya muuzaji. Tuweke magari hayo mawili kwenye mizani yetu, sisi watu wa Tanganyika, wa Kivu, wa Lualaba. Hapo ndipo tutaona nini kimeongezeka na nini kimepunguzwa.

Tuanze na ukweli wa magari yenyewe

Série 7 ndiyo sedani kubwa kuliko zote za BMW. Ilianza mwaka 1977, na kila baada ya miaka saba hivi kampuni huitengeneza upya. Kizazi cha sita, ambacho leo tunakiita cha zamani, kilionyeshwa Juni 2015. Kizazi cha saba, hiki kipya, kilionyeshwa tarehe 20 Aprili 2022. Vyote viwili vilizaliwa katika kiwanda kimoja, Dingolfing, katika jimbo la Bavaria, Ujerumani.

Lile la 2015 lilikuwa na urefu wa namna mbili: fupi lilikuwa karibu mita 5,10, refu karibu mita 5,24. Jipya lina urefu mmoja tu, mita 5,39. Maana yake hata lile refu la zamani ukiliweka ubavuni mwa jipya, linapungukiwa sentimita 15. Jipya ni pana zaidi na limeinuka juu zaidi. Ukisimama mbele yake unaona ukuta unaokuja.

Ndani, abiria wa nyuma katika gari la zamani aliweza kupata vioo viwili vya televisheni vya inshi 10 hivi, kimoja nyuma ya kila kiti cha mbele, pamoja na tableti ndogo ya kuongozea viti, muziki na hewa. Katika jipya, mwenye pesa ya kuongeza anapata kioo kimoja cha inshi 31,3 kinachoshuka kutoka darini na kuziba upana wote wa gari. Mapazia yanajifunga, taa zinafifia, mkubwa anatazama filamu. Milango inafunguka na kujifunga kwa kubonyeza kitufe. Pua ya mbele inaweza kuzungushiwa taa ili hata usiku watu wajue nani anapita.

Injini nayo imebadilika. La zamani lilikuwa na mashine za petroli na dizeli, na juu yake ile kubwa ya silinda 12. Katika kizazi kipya silinda 12 imeondolewa, na kwa mara ya kwanza kuna Série 7 inayotembea kwa umeme peke yake, inayoitwa i7. Ile i7 ya kwanza kuuzwa ina nguvu ya farasi 544, inafika kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4,7, na kwa vipimo vya Ulaya inakwenda karibu kilomita 600 kabla ya kuchajiwa tena. Ujerumani bei yake ilianzia juu ya euro 130 000, kabla hujaongeza hiyo sinema.

Haya ndiyo mambo yanayosifiwa. Nami sikatai. Gari lisilotoa moshi ni jambo jema, na atakayesema lile la silinda 12 lilikuwa bora kwa mapafu ya watoto wa mjini anajidanganya. Hata mota za i7 zilitengenezwa bila zile sumaku za madini adimu ambazo magari mengi ya umeme yanazitegemea. Wahandisi wale wana akili. Kwa sababu hiyo hiyo, sitakubali mtu aniambie kwamba mengine yaliwashinda.

Uzito: jambo ambalo mhami analijua kuliko muuzaji

Mtu aliyekimbia kwa miguu kutoka Uvira, Fizi au Nyunzu hahitaji kufundishwa uzito ni nini. Ulipofika mlangoni ulipima kila kitu: sufuria, godoro, mtoto mdogo, mfuko wa maharage. Ulijua kila kilo unayobeba italipwa na mgongo wa mtu. Basi tupime gari kwa jicho hilo.

Mwaka 2015 BMW ilijisifu kwa jambo moja kubwa: kupunguza. Waliweka nyuzi za kaboni katika mifupa ya gari, na wakatangaza kwamba Série 7 ile inaweza kuwa nyepesi kwa kilo 130 kuliko iliyoitangulia. Lile lenye petroli na silinda 6 lilikuwa chini ya tani 2. Hilo lilikuwa wazo la maana. Lilisema kwamba anasa inaweza kwenda pamoja na kiasi, na kwamba fundi hodari ni yule anayefanya kazi ile ile kwa vitu vichache.

Mwaka 2022 wazo hilo liliwekwa kando. Hata ile ya kizazi kipya inayokunywa petroli imepita tani 2. Nayo i7 imepita tani 2 na kilo 600. Tofauti kati yake na ile ya petroli ya zamani ni zaidi ya kilo 600. Kilo 600 ni mifuko 12 ya sementi. Ni bidoni 30 za maji za lita 20. Fikirini: bidoni 30 zimeongezwa juu ya gari ambalo kazi yake ni ile ile, kumpeleka mtu mmoja kazini akiwa amekaa kiti cha nyuma.

Mtu atajibu: uzito huo ni betri, na betri ndiyo bei ya kuacha petroli. Ni kweli kwa sehemu. Lakini betri kubwa inatakiwa na gari kubwa, na gari kubwa linatakiwa na betri kubwa zaidi. Ukiongeza urefu, ukaongeza kimo, ukaongeza sinema na milango ya mashine, lazima uongeze betri ili kuvuta hayo yote. Wangeweza kuchukua ule wepesi wa 2015 na kuuoa na mota ya umeme ya 2022. Huko kungekuwa kusonga mbele. Walichagua kurudi nyuma kwa mguu mmoja na kusonga mbele kwa mwingine, kisha wakauita mwendo huo maendeleo.

Betri ya i7 inahifadhi umeme wa kutumika wa kilowati-saa 101,7. Kwa mtu wa kambini, hesabu ni hii: taa ndogo ya LED ya wati 10, ikiwashwa saa 5 kila usiku, ingeweza kuwaka kwa umeme huo zaidi ya usiku 2 000. Ni zaidi ya miaka mitano na nusu ya mtoto kusoma daftari lake. Gari linaumaliza kwa safari moja ya kilomita 600. Sisemi tajiri wa Munich azime gari lake ili sisi tuwashe taa, umeme hausafiri hivyo. Nasema tu mjue ukubwa wa kitu tunachokizungumza, kwa sababu baadhi ya vitu vinavyoingia katika betri ya namna hiyo viko kwa wingi chini ya miguu yetu.

Kobalti: kampuni nayo ilihama

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri.

Betri za gari hilo zinatumia lithiamu, nikeli na kobalti. Kwa kobalti, Kongo yetu peke yake inatoa zaidi ya 70 kwa mia ya yote inayochimbwa duniani, na karibu yote inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Lithiamu iko nyingi sana Manono, hapa hapa katika jimbo letu la Tanganyika.

Gari la 2015 lenye petroli halikuwa na deni kubwa na Kolwezi. Gari jipya lilipaswa kuwa nalo. BMW ilifanya nini? Ilitangaza kwamba kwa betri za kizazi hiki itanunua kobalti yenyewe, moja kwa moja, kutoka Moroko na Australia, halafu itawapa wale wanaoitengenezea seli za betri. Sababu iliyotolewa ni kwamba inataka kujua kila gramu inatoka wapi, na isionekane imeshika kobalti iliyochimbwa na watoto.

Huko Ulaya watu walipiga makofi. Motokari safi, kobalti safi, dhamiri safi.

Ndugu zangu, nyinyi mnajua kuhama ni nini. Sisi tunahama kwa risasi. Kampuni ile ilihama kwa sifa. Sisi tukihama, shamba linabaki na magugu na nyumba inabaki bila mlango. Nayo ilipohama, mashimo ya Kolwezi yalibaki, makreseri walibaki, watoto waliokuwa wakiosha mawe mtoni walibaki. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeingia shule kwa sababu Série 7 imetumia kobalti ya Moroko. Kobalti yetu haikukosa mnunuzi. Ilichukuliwa na wengine, na sehemu kubwa yake inasafishwa China, kisha inaingia katika simu na magari ya watu wasiouliza swali lolote.

Basi tuulize: ni kitu gani kilichosafishwa? Karatasi ya kampuni ndiyo iliyosafishwa. Machimbo hayakuguswa. Mwuguzi akiona wodi ni chafu, ana njia mbili: anachukua maji na sabuni, au anahamia hospitali nyingine na kusema mimi sasa nafanya kazi mahali pasafi. Njia ya pili haiponyi mgonjwa yeyote.

Na hata huko walikohamia hakukuwa peponi. Mwaka 2023 waandishi wa habari wa Ujerumani waliandika juu ya machimbo ya Bou-Azzer, kule Moroko, wakitaja arseniki katika maji na mashaka juu ya usalama wa wafanyakazi. Kampuni ya Moroko ilikanusha. Mimi si hakimu wao. Ninachosema ni kwamba shida ya madini haitokani na rangi ya ramani. Inatokana na namna ya kuchimba, namna ya kulipa na namna ya kusimamia, na mambo hayo yanatengenezwa kwa kubaki.

Nitende haki: BMW ilishiriki pia, pamoja na kampuni nyingine na shirika la ushirikiano la Ujerumani GIZ, katika mradi mmoja Kolwezi kwa ajili ya wachimbaji wa mikono na vijiji vyao. Ni vizuri. Lakini msaada si biashara. Anayekupa msaada na kukataa mali yako anakuambia: nakuhurumia, ila sitaki kushika mkono wako. Mkulima wa Moba hatafurahi ukimpa sabuni na kukataa mahindi yake.

Wanaopinga nawajua

Kuna watakaosema: kwa hiyo unataka wanunue kobalti ya damu na ya watoto? Hapana. Nataka wanunue kwa masharti na wakae hapo kuyasimamia. Kobalti nyingi ya Kongo inatoka katika machimbo makubwa ya mashine yenye kampuni zinazojulikana, zenye mageti, zenye vitabu vya hesabu. Kampuni inayoweza kufuatilia joto la betri ya gari haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kufuata mfuko wa kobalti kutoka geti la machimbo mpaka bandarini. Na kwa makreseri, tajiri anayelipa euro 130 000 kwa gari hatadondoka chini akilipa kidogo zaidi ili mchimbaji awe na shimo lililoegemezwa, helmeti na mizani isiyoiba.

Kuna watakaosema: vita vya Kivu si vya kobalti. Ni kweli, na tuwe waangalifu kutochanganya. Kobalti ni ya kusini, Lualaba na Haut-Katanga. Kule Kivu ni koltani, bati na dhahabu. Rubaya, katika Masisi, palitekwa na M23 mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi ya koltani ya pale iliwaingizia angalau dola 800 000 kwa mwezi. Lakini somo ni moja. Mnunuzi wa mbali akisikia Kongo, hatofautishi Kolwezi na Masisi. Anafunga kitabu chote. Mchimbaji wa Lualaba anaadhibiwa kwa vita asivyovijua, na mwenye bunduki wa Masisi haadhibiwi, kwa sababu mali yake inapita njia za pembeni.

Na kuna watakaosema: wahami wana njaa, gari la nini? Nawajibu kwamba kuhama si kwa risasi tu. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti juu ya familia zilizoondolewa kwa nguvu Kolwezi ili machimbo ya shaba na kobalti yapanuliwe. Nao ni wahami. Kambi yao haina turubai la UNHCR kwa sababu hakuna aliyewaita wakimbizi. Mtu aliyepoteza nyumba yake ili betri zitengenezwe ana haki ya kuuliza betri hizo zinakwenda wapi na zimeleta nini.

Mzigo wa nyumbani kwetu

Sitawatupia Wazungu lawama yote halafu nilale. Kama gari jipya limetukimbia, ni kwa sababu pia nyumba yetu inaogopesha wageni na kuumiza wenyewe.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inasema wazi namna redevansi ya madini inavyogawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lenyewe ambako madini yanachimbwa, yaani sekta, chefferie, komini au mji, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti iliwekwa katika madini ya kimkakati, na redevansi yake ni 10 kwa mia. Juu ya hayo, kampuni inapaswa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji.

Hizo si ndoto, ni sheria. Basi mwananchi wa Fungurume au wa Kolwezi ana haki ya kusimama mbele ya chifu wake au burugumesta wake na kuuliza: ile 15 kwa mia iko wapi? Shule ni ipi? Kisima ni kipi? Wakubwa wetu wanajua bei ya kila motokari ya kifahari inayoshuka Lubumbashi. Waulizeni bei ya kila darasa lililojengwa kwa redevansi, muone nani atajibu haraka.

Na tumeona kwamba serikali ikitaka, inaweza. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha kobalti isitoke nje ya nchi, kwa sababu bei ilikuwa imeanguka sana sokoni. Oktoba 2025 ikaifungua tena kwa vipimo: kila kampuni na kiasi chake. Dunia nzima ilishtuka, bei ikapanda. Kumbe geti lina kufuli, na ufunguo tunao. Kama tunaweza kufunga geti kwa ajili ya bei, kwa nini tusilifunge kwa ajili ya familia iliyovunjiwa nyumba bila fidia? Kwa nini kipimo cha kampuni kisipungue pale mto wa kijiji unapogeuka rangi? Hilo ndilo swali ningependa kuwasikia wabunge wetu wakilipigia kelele.

Manono, amkeni mapema

Kwa watu wa jimbo letu nina neno la pekee. Manono ilitoa bati tangu wakati wa ukoloni. Bwawa la Piana Mwanga lilijengwa kwa ajili ya machimbo hayo, si kwa ajili ya taa za wanakijiji, na bati liliposhuka bei na vita vilipokuja, mji ulibaki na mashimo yenye maji na milima ya mchanga. Leo ni zamu ya lithiamu. Kabla hata wakaaji hawajaona faida, makampuni yamekwishaburuzana mbele ya mahakama za usuluhishi za kimataifa juu ya nani mwenye kibali.

Wenye magari hawatungoji. Tayari China inatengeneza kwa wingi betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata gramu moja. Inawezekana kabisa kizazi cha nane cha gari kama hili kisihitaji Kolwezi kabisa. Lithiamu bado itahitajika, lakini nayo iko Australia, Chile, Ajentina na China. Tukichelewa, tutabaki na mashimo mara ya pili, na wajukuu wetu wataonyeshwa video ya gari jipya kama sisi tunavyoonyeshwa leo.

Kwa hiyo daftari la masharti kati ya kampuni na wakaaji wa Manono lisiandikwe usiku na watu wanne wenye suti. Lisomwe kwa Kiswahili, sokoni na kanisani, na waliohamia Manono kwa sababu ya vita nao wahesabiwe. Barabara ya lori za madini iwe pia barabara ya mama anayebeba mihogo. Umeme wa mtambo ufike pia hospitali. Hayo yote yaulizwe kabla tani ya kwanza haijapakiwa, maana baada ya hapo hakuna atakayesikia.

Mizani yetu

Basi, vijana mnaobishana, narudi kwenu. Mkiniuliza lipi bora, la zamani au jipya, jibu langu ni hili. Mota ya jipya imelishinda la zamani, hakuna ubishi. Mwili wa la zamani ulikuwa na akili zaidi, kwa sababu ulitafuta wepesi. Na kwa jambo la tatu, ambalo halimo katika video yoyote, jipya limeshindwa: lilipata nafasi ya kuwa gari la kwanza la kifahari la kusema kwa sauti kwamba kobalti yake ni ya Kongo, imechimbwa vizuri na kulipwa vizuri, na likaikataa nafasi hiyo.

Siku kizazi kingine kitakapoonyeshwa, msihesabu inshi za kioo. Ulizeni maswali matatu. Limepungua uzito kwa kilo ngapi? Madini yake yametoka wapi, na waliochimba wamebaki na nini? Na pale yalipochimbwa, nani alihamishwa, na amelipwa nini?

Wakitujibu hayo matatu, nitakuwa wa kwanza kulisifu hapa. Mpaka hapo, tuendelee kuuliza, Munich na Kinshasa, kwa sauti ile ile.

Mwandishi wenu, Kalemie.